Shemasi wa Matangazo

Mushagalusa, fundi cherehani wa Nakivubo na shemasi wa kanisa letu, haangalii filamu. Alilitangaza hilo mwenyewe madhabahuni, Jumapili ile alipozikemea tamthilia za kwenye simu zinazofundisha watu kuibiana waume. Mkewe Hortense, aliyekuwa benchi moja nami, aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi wote. Jana yake alishinda akiangalia hizo hizo.

Ni majirani zangu huku Mbuya, nyumba za mstari, na ukuta uliopo kati yetu ni jina tu. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuyachungulia. Yamenifuata yenyewe nikiwa kwenye kiti changu.

Tamthilia ya Hortense ni ya bure, ila bure yenye masharti: kila kipande kikiisha, simu inagoma mpaka uangalie matangazo, ndipo kipande kinachofuata kifunguke. Hortense hana subira hiyo. Akaanza kumwachia mumewe simu huku yeye akienda jikoni kugeuza sombe, kisamvu cha kwao. Shemasi alilitafakari jambo hilo, akaona halina dhambi.

"Mimi siangalie filme, mama," alinieleza siku moja bila kuulizwa. "Mimi naangalia matangazo tu."

Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote. Tangazo la sabuni aliliitikia, "Kweli!" La mafuta ya nywele alibishana nalo. La kubeti alilikemea kwa jina la Yesu, lakini alilitazama hadi mwisho, maana kazi ni kazi. Kisha alipaza sauti: "Mama Huguette, kuya! Imefunguka!" Hortense alikuja akaketi ubavuni mwake kwenye kochi, naye shemasi akageuza uso ukutani, upande wangu. Macho yalifunga, masikio yakaendelea kula.

"Ule binti iko nalia juu ya nini?" aliuuliza ukuta.

"Bwana yake amemufukuza."

"Na mama-mukwe anasema nini?"

"Papa Huguette, si wewe hauangalie?"

"Nauliza tu."

Nilikuwa nacheka mpaka mbavu ziniume. Lakini niseme kweli, niliwaonea wivu. Mimi na mume wangu tuna televisheni kubwa, na kila mtu ana kona yake.

Ndipo Huguette, binti yao anayefanya kazi Ntinda, alipokuja kuwasalimia. Akamkuta baba yake amekodolea macho tangazo la magodoro, akamwonea huruma. Akailipia ile programu ya tamthilia papo hapo, na matangazo yakatoweka.

"Papa, sasa utapumuzika," alisema.

Shemasi alishukuru kwa uso wa mtu aliyefutwa kazi.

Tangu hapo vipande vilifuatana bila kusimama, na hakuna aliyehitaji kuitwa. Shemasi hakuwa tena na sababu ya kuketi kwenye lile kochi. Maneno ya madhabahuni yalimkaba, na kwa kiburi alichonacho asingeweza kumwambia mtu yeyote kwamba alichokuwa anakitaka ni kukaa tu na mke wake. Akawa anabeba kigoda chake kila jioni na kuja mlangoni pangu, kunisifia sabuni ambayo sikuwa na haja nayo. Ndani, Hortense aliangalia peke yake, akazima mapema. Hakuna wa kumuuliza kwa nini binti analia. Walinitia hasira wote wawili. Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Jioni ya Ijumaa tulikuwa hapo mlangoni, sabuni ikiendelea, sauti ya tamthilia ilipokatika ghafla.

"Papa Huguette, kuya! Matangazo!"

Shemasi alinitazama. "Si Huguette alilipa iishe?"

"Imerudi! Kuya mbio, itapita!"

Aliondoka na ndara moja, nyingine akaiacha kwangu. Nami, Mungu anisamehe, niliingia ndani nikabandika sikio ukutani.

"Wapenzi watazamaji," Hortense alianza, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "muko natafuta fundi? Fundi Mushagalusa iko Nakivubo. Suruali yake haipasuke. Filme haangalie, lakini habari yote anajua. Bibi yake iko peke yake kwa kochi siku nyingi sana. Musikawiye, fundi kama huyu iko mumoja tu."

Kisha nikasikia springi za kochi zikilia, mtu amekaa.

"Hiyo tangazo ni ya kweli," shemasi alisema. Akakohoa kidogo. "Rudilia tena."