Waliolala Kwenye Mchanga wa Jiko

Mchanga ule ulikuwa wa jiko la mke wangu. Nianzie hapo, maana nikianzia chuo kikuu mtadhani nilisoma, na mimi sikusoma. Nilifika darasa la tatu kwa masista, nikajua kuandika, kusoma na kusali, kisha baba akasema inatosha, akanipeleka Kakontwe kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Nilitoka huko mzee. Vumbi la Kakontwe ni jeupe. Jioni tulikuwa tunarudi mtaani kwetu Kikula weupe mpaka kope, watoto wanatukimbilia wakiimba, "Bazungu! Bazungu bamefika!" Mke wangu aliniona hivyo mara ya kwanza, na mpaka leo anasema alidanganywa na rangi. Lakini hayo si ya leo.

Ya leo ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yetu wa kwanza. Anakaa kwetu kwa sababu chuo kikuu kiko karibu na sisi kuliko kwa wazazi wake. Anasoma biolojia na mambo ya mazingira: miti, wadudu, maji, udongo. Mimi nilidhani mtu wa chuo kikuu ni tai na mkoba. Huyu alikuwa anarudi na buti za mpira zimejaa matope, majani kwenye nywele, na siku moja chura mzima ndani ya chupa ya maji. Mke wangu alikuwa na kiu, nusura amnywe.

"Ndiyo masomo hiyo?" akauliza, chupa mkononi.

"Ndiyo, nkambo. Profesa anasema tushike na mikono." Nkambo kwetu ni bibi, na ni babu pia.

Profesa wao ndiye aliyeleta mambo yote. Mwaka wa mwisho aliwaambia wanafunzi: ubao tumemaliza, sasa kila mmoja akafuge kiumbe kimoja, tangu yai mpaka yai. Asiyeona kwa macho yake asije kunisomea kitabu, kitabu nimekisoma. Mjukuu wangu akapewa vinkubala.

Nadhani mnavijua vinkubala, wale viwavi wa porini. Kama hamvijui, poleni sana. Hapa Likasi, vinkubala vikavu vilivyokaangwa na nyanya na kitunguu, pembeni bukari, ugali wetu, ya moto, hiyo ni karamu. Lakini miti wanayokula inachomwa kila siku kuwa makaa, na vinkubala navyo vinatoka mbali zaidi kila mwaka. Mjukuu wangu alitaka kujua kama mtu anaweza kuwafuga nyumbani. Masharti ya profesa yalikuwa wazi: kiwavi akue, ageuke nondo, nondo atage mayai. Bila mayai kazi haijaisha, na bila kazi hiyo hakuna diploma. Mtoto angerudia mwaka mzima, na baba yake alikwisha kusema mwaka wa kurudia hana.

Basi sanduku la mbao likaingia chumba cha wageni, limefunikwa kipande cha chandarua. Ndani vinkubala, wadogo kama vipande vya uzi. Kazi ya majani nikaichukua mimi. Walikula majani ya mti wa mutondo tu, ukiwapa ya muembe wanakugeuzia mgongo. Kila asubuhi nilipanda baiskeli yangu mpaka nyuma ya machimbo, nikarudi na matawi yamefungwa nyuma, na watu njiani wakiniuliza kama sasa nimenunua mbuzi. Nikajibu, "Niko na bana-iniversite kwa nyumba, banakula sana," yaani watu wa chuo kikuu. Niseme kweli, sijawahi kufurahi namna ile. Goti langu liliuma, moyo wangu ulicheza. Walikua mbele ya macho yangu, wakavua ngozi, wakanenepa kama kidole changu hiki. Usiku wa kimya uliwasikia wakitafuna.

Mjukuu wangu alinikuta mara nyingi nimeinama juu ya sanduku.

"Nkambo! Usibiangalie vile. Ile haina chakula," akasema, yaani si chakula.

"Minye ninabisalimia tu, muke wangu." Kwetu babu humwita mjukuu wa kike mke wake, ni utani wa siku zote.

"Salimia na mudomo wa kufunga."

Ikafika Pasaka. Nyumba nzima ikaenda misa: mke wangu, mjukuu, binti yetu na mume wake waliokuja kutoka Shituru na nguo mpya. Mimi nilibaki kwa sababu ya goti. Nilikaa kwenye kiti changu mlangoni, nikasikiliza misa ya redio, na padri wa redio ana sauti tamu sana ya kulaza watu. Nililala. Kwaresima nzima sikuwa nimegusa nyama, hilo kila mtu alilijua, na mtaona kwa nini nalitaja.

Niliamshwa na kelele. Mjukuu wangu alikuwa amesimama na gauni lake la Pasaka, chandarua mkononi, kona yake moja imelegea, sanduku mbele yake tupu. Majani yapo. Mavi yao meusi yapo. Kiumbe, hakuna hata mmoja.

Kila kichwa kikanigeukia.

"Muzee," mke wangu akasema polepole, "fungua kinywa."

"Minye? Haina minye!"

"Fungua tu." Akaninusa! Miaka yote ya ndoa takatifu, akaninusa kama paka anayenusa sufuria.

Mkwe wangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Tata, ulibikula bibichi, ao ulikaanga kwanza?"

"Kaburi tupu," binti yangu akasema, "na mulinzi alilala. Kama kwa Injili."

Tulicheka wote, hata mimi mshitakiwa, mpaka tulipoona kwamba mjukuu hacheki. Alikuwa amekaa chini sakafuni na gauni jeupe, machozi yanatiririka. Hapo kicheko kikatufia mdomoni. Mwaka wake ulikuwa umetoka ndani ya lile sanduku, na hakuna aliyejua umepita mlango gani.

"Kitabu kinasema bado wiki nzima," akasema. "Wiki nzima kabla hawajashuka kwenye udongo kulala na kugeuka. Nilitaka kuweka udongo kesho."

Vinkubala havikusoma kitabu, niliwaza, ila sikusema, maana nilikuwa bado mshitakiwa.

Akafuta macho, akatoka uani kunawa uso. Akainua beseni. Mara tukasikia sauti yake, ndogo, kali:

"Musitembee! Muntu asitembee!"

Chini ya beseni alikuwapo mmoja. Mnene, wa mwisho, anatembea kwa haraka kama mama aliyechelewa misa. Mjukuu wangu akapiga magoti. Hakumshika. "Tumuache," akanong'ona, "atatuonyesha."

Basi mngekuja kutuona siku ile. Familia nzima na nguo za Pasaka, mkwe wangu na koti lake, mke wangu na kitenge kipya, wote tumechuchumaa uani, tunasogea nyuma ya kiwavi hatua kwa hatua kama msafara wa sakramenti. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza tumepoteza sindano? Mke wangu akamnyamazisha kwa mkono. Tulikuwa na kuku mmoja tu, na kuku huyo alikuwa kwenye sufuria ya sikukuu. Bila hivyo msafara wetu ungeishia njiani.

Kiwavi akavuka ua, akafika kwenye lundo la mchanga. Mchanga wa mto, msafi, uliokuwa unangoja fundi aje kujenga jiko la matofali ambalo mke wangu alilingoja tangu watoto wetu wakiwa wanatambaa. Kiwavi akapima kwa kichwa, huku, kule. Kisha akatumbukia, kichwa kwanza, mkia ukapotea.

Mjukuu wangu akalia tena, sasa kilio kingine. "Wako humo wote! Wamechagua wenyewe!" Akainuka akamshika bibi yake mikono miwili. "Nkambo, tafazali. Watalala humo mpaka mvua irudi. Tukiwachimba watakufa."

Mke wangu akatazama lundo. Kiangazi chote ndio wakati wa kujenga, kila mtu Kikula anajua. Mvua ikirudi utapika chini ya bati lile lile bovu.

"Mpaka mvua," akasema.

"Mpaka mvua."

"Na kwa kumunusa huyu muzee, nani ataomba musamaha?" Nikasema mimi ndiye wa kuombwa. Tukaenda kula kuku.

Ukaja mwezi wa baridi na vumbi. Fundi alifika na koleo lake begani, anapiga mluzi. Nilidhani mke wangu atashindwa. Nikamkuta amesimama mbele ya lundo na ufagio.

"Hapa kuko bantu bamelala," akamwambia fundi.

"Bantu gani, mama?"

"Bana-iniversite."

Fundi akanitazama mimi, kama mtu anayeuliza kama mama ni mzima. Nikamwambia ni mzima kabisa, arudi mwezi mwingine. Mke wangu alikuwa ameanza hata kuwasemesha wale waliolala, asubuhi akimwaga maji ya kuosha vyombo anawaambia, "Pardon, batoto." Mjukuu wangu alichimba mara moja tu, kwa kidole, polepole, akatuonyesha mmoja: wa rangi ya kahawia, anang'aa kama mbegu, hana miguu wala kichwa. Alipomgusa, akatikisa mkia. "Anakataa kuamshwa," nikasema. Akamfunika tena.

Mvua ya kwanza ilipopiga Likasi, ilipiga mchana kutwa, na bati bovu likavuja ndani ya sufuria ya mke wangu kama lilivyopaswa. Jioni yake mjukuu alitoka na taa. Alikuwa amechomeka vijiti kwenye lundo. Kwenye kijiti kimoja alining'inia nondo, mabawa bado yamekunjamana kama shati lililotoka mfukoni, yanafunguka taratibu. Kisha wa pili. Wengine hawakuamka kamwe, hilo lazima niliseme. Lakini siku zilizofuata walioamka walitosha, na kwenye tawi la mutondo nililolileta mwenyewe kwa baiskeli, jike mmoja akataga mayai, meupe, yamepangwa kama shanga.

Profesa alikuja mwenyewe na wanafunzi wengine, akachuchumaa uani kwetu na suruali safi. Akamuuliza mjukuu wangu maswali mengi kwa Kifaransa, naye akajibu yote akionyesha kwa kidole, hapa walitokea, hapa walipita, wiki nzima kabla ya siku ya kitabu. Profesa akaandika. Kisha akasimama, akampa mkono, akasema aende akatetee kazi yake, mayai yamekwisha kusema.

Tulishangilia mpaka jirani akachungulia tena. Fundi naye alikuwapo, koleo begani.

"Basi mama," akasema, "sasa nichukue mchanga?"

Mke wangu akafungua mwavuli juu ya sufuria, akaukoroga mchuzi.

"Ngoya kidogo," akasema. "Labda kuko moya bado analala."