Mshale wa Jiwe la Vuhovi

Wakati wa vita, watu wa Kimemi wakikimbiza magodoro na sufuria, mwalimu Emérence Kavugho alikuwa akibeba mawe. Alikuwa akisoma masomo ya juu kule Kampala: namna ardhi ya nchi yetu inavyopasuka polepole, toka Ruwenzori mpaka huku kwetu. Mama yake alimucheka: "We mutoto, majiwe imekosa ku shamba yangu?"

Lakini hakuna jiwe aliloliokota ovyo. Kabla ya kuling'oa kwenye mwamba, aliweka juu yake busole, yenye sindano inayotazama kaskazini, akachora mshale wa chaki. Bila mshale, jiwe haliwezi kusema nchi ilisukumwa upande gani. Profesa wake alibakiza neno moja tu: jiwe la milima ya Vuhovi, ao diplome hapana.

Siku alipolipata, akirudi akakuta barrière ya askari njiani. Sajini Grady, kijana aliyetoka mbali, akafungua mfuko.

— Mama, hii ni or? Ni zahabu?

— Hapana, afande. Ni jiwe tu.

— Jiwe tu, na unalifunika na kitambaa sawa mutoto muchanga? Tutaona!

Akalitia katika beseni, akalisugua kama sahani ya arusi, akitafuta kitu kinachong'aa. Mshale ukaenda na maji.

Grady akamurudishia jiwe likitona maji.

— Kamata takataka yako, mwalimu. Rudia nyumbani.

— Nyumbani hapana. Narudia ku mwamba.

— Kule ni interdit, imekatazwa!

— Afande, ile mulima Mungu aliiweka kabla ya barrière yako. Kama jiwe linakuogopesha, unifuate.

Askari wakapasuka na kicheko: "Chef, mwalimu amekupa punition sawa mwanafunzi!" Grady akanuna, lakini akamufuata.

Juu ya mwamba, pale alipong'oa, pengo lilikuwa lingali jeupe. Emérence akaligeuza jiwe huku na huku, Salamu Maria mdomoni, mpaka likaingia, likatulia kama jino katika ufizi wake. Akatoa busole. Sindano ikayumba.

— Sogea nyuma, afande. Chuma ya bunduki yako inavuta sindano.

— Mimi?

— Wewe. Tena. Mpaka pale ku migomba.

Sajini akarudi nyuma mpaka migombani. Sindano ikatulia. Safari hii Emérence hakutumia chaki. Alikwangua mshale kwa musumari, akikaza mkono mpaka unga wa jiwe ukamwagika.

Kwenye barrière akafungua mfuko mwenyewe.

— Osha tena, afande. Ata na sabuni.

Grady akainua mti wa barrière.

— Pita, mama. Pita na majiwe yako.