Rangi Nyekundu Kwenye Nati

Siku ile kwenye ufuko wa chumvi uliokauka wa Ziwa Singidani tulikuwa wanne, nami nawataja wote ili asije mtu akasema nimeota: Yusufu, mwenye gari, Mzee Kiula, fundi mkuu wa gereji, mdogo wangu Mariamu, aliyetuletea chakula, na mimi. Yusufu ni marehemu. Sisi watatu tuko hai, na haya ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe.

Gari lenyewe mji mzima walilijua. Yusufu, mtoto wa tajiri wa malori, alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao baada ya Uhuru. Lilikuwa gari la mashindano, la kiti kimoja, magurudumu yametokeza nje ya bodi kama miguu. Yusufu aliliita fomula. Watu wa mtaa wa Utemini waliliita panzi. Hakulipwa na mtu. Alishindana kwa mapenzi yake tu, na sisi tulilitunza kwenye gereji ya baba yake. Vipuri vyake havikupatikana, kwa hiyo Mzee Kiula alifua vingine kwa nyundo. Hata mkono wa usukani aliufua yeye, kutoka kwenye springi ya lori.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Niliacha shule darasa la tano, wazazi wetu walipofariki nikabaki na wadogo watatu. Yusufu alikuwa akinitania, akiniita Profesa.

Gereji yetu ilikuwa na desturi moja. Nati ya mkono wa usukani ukishaikaza, unaipitishia kotapini, kile kipini cha waya mnene, unakikunja ncha ili nati isijifungue yenyewe. Mwisho kabisa unaipaka tone la rangi nyekundu. Nati yenye rangi haikaguliwi tena na mtu, hata Mzee Kiula mwenyewe. Rangi ilikuwa kiapo.

Asubuhi ile Yusufu alitaka kulijaribu gari, nami nilikuwa chini ya panzi, kule kule ufukoni, kotapini nimeibana kwa midomo kama mafundi tunavyofanya. Mariamu akafika na sufuria kichwani.

"Kaka, siku hizi unakula misumari? Huu ugali nimempikia nani?"

Yusufu akacheka. "Mwache Profesa, anameza chuma apate nguvu."

Nami nikacheka. Nikaitoa pini mdomoni, nikaitia mfukoni, nikanawa, tukala. Baada ya kula nikarudi chini ya gari. Nati niliiona imekaza vizuri. Kikopo cha rangi kilikuwa pale pale. Nikapaka.

Umeelewa nilichofanya? Mimi sikuelewa mpaka mzunguko wa tatu, gurudumu la mbele lilipojigeuza lenyewe na panzi akabiringika kwenye ule weupe wa chumvi. Tulipomfikia Yusufu alikuwa ameshakata roho. Nikatia mkono mfukoni, nikaigusa ile pini. Nikaiacha humo humo.

Mkono wa usukani ulikutwa umevunjika vipande viwili. Nani aliufua? Mzee Kiula. Tajiri hakupiga kelele. Alisema tu, "Kiula, kusanya vyombo vyako." Mzee alipokuwa akifunga kifurushi chake, aliniita kando.

"Mwanangu, kile chuma nakijua. Kimevunjika gari lilipoanguka, si kabla. Nenda kaitafute nati. Ikiwa nzima, basi ilijifungua, na mimi nitakuwa nimesafishika."

"Nitaitafuta, mzee," nilimjibu.

Nilikwenda kweli, peke yangu, saa saba mchana. Lakini sikwenda ili nimsafishe. Nilikwenda kuipata kabla hajaipata mwingine.

Niliiona imezama nusu kwenye chumvi. Ilikuwa nzima kabisa, meno yote yapo, rangi yangu juu yake. Ile rangi ilikuwa na siku kumi na moja juani. Nilipoiokota ilinipaka dole gumba. Ilikuwa mbichi.

"Profesa, umeipata?"

Niamini, sauti ilikuwa ya Yusufu. Nikageuka. Alikuwa amesimama hatua tano kutoka nilipokuwa, amevaa miwani yake ya kuzuia vumbi. Mkanda wa miwani ile ulikuwa umekatika zamani, na mimi ndiye niliyeuunga kwa kipande cha tyubu. Kipande kilikuwa pale pale, na fundo langu. Nikatazama chini. Nyayo zangu zilikuwa zimeingia ndani ya chumvi tangu kule njiani. Pale aliposimama yeye, chumvi ilikuwa laini kama sahani, bila unyayo.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo! Aliuliza kama mteja anayeulizia kazi yake.

"Nani aliifunga?"

Unadhani nilimjibu nini? Mtu niliyemuua kwa uzembe, ananiuliza mwenyewe, hakuna shahidi. Nikafikiria wadogo zangu. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba nilifikiria wadogo zangu.

"Mzee Kiula," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nitamuuliza yeye." Akatembea kuelekea kaskazini, njia ya Iramba, na mwanga wa chumvi ukammeza.

Nati niliitupa chooni. Pini nimeshindwa kuitupa. Iko kwenye mkebe wa misumari. Na dole gumba langu ni jekundu hadi leo. Nimelisugua kwa mafuta ya taa, kwa mchanga, kwa jivu. Watu nawaambia nilijigonga na nyundo.

Mzee Kiula alihamia kijiji cha ujamaa karibu na Sekenke, huko huko Iramba. Mwaka jana nilipita huko na lori, nikaenda kumsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Amekonda sana. Nyundo hashiki tena, na wanakijiji hawampi hata jembe kulitia mpini. Kulipokaribia saa saba aliinua kidole. "Unaisikia?"

Niliisikia. Injini ya panzi, ikiunguruma nje ya mlango, na hakukuwa na gari.

"Kila siku," alisema. "Halafu ananiuliza pini iko wapi. Nami sijui nimjibu nini. Wewe ulikuwepo, mwanangu. Nilikosea wapi?"

"Sisikii kitu, mzee," nikasema. "Labda ni upepo."

Alinitazama, akainamisha uso. Tangu siku ile anaamini kwamba akili yake imeharibika. Hilo nalo nimemfanyia mimi.

Mariamu sasa ni mwalimu, na wale wawili wadogo wako sekondari. Wamesoma kwa kunyamaza kwangu, wala hawajui. Mara mbili nimepanda lori la kwenda Sekenke, na ule mkebe mapajani. Mara zote mbili nimeshuka njiani, nikarudi kwa miguu.

Wewe unayeshika spana, au kalamu, au sindano ya hospitali: usiweke alama ya kumaliza kazi ambayo hujaimaliza. Na ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa lako peke yako. Mimi nilichelewa, na sasa yuko mzee mmoja Sekenke ambaye leo, saa saba, ataulizwa tena swali langu. Jibu lake liko hapa, ndani ya mkebe.