Ndege wa Mlangoni

Nakuona unavyotabasamu, wewe unayesoma. Unajisemea, bibi huyu ameanza hadithi zake. Haya, tabasamu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hili nililiona kwa macho yangu, na wewe hukuwepo.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mdogo wangu Gaudensi alishikwa na degedege. Alikuwa na miaka mitatu. Asubuhi mwili ulichemka. Mchana akakakamaa mikononi mwa mama, macho yakageuka meupe. Mama akachukua kanga ambebe, ampandishe mlimani kwenye hospitali ya misheni. Bibi, mzaa baba, akakaa kizingitini.

"Unampeleka wapi?"

"Hospitali, mama."

"Degedege haichomwi sindano. Mtoto akichomwa, hakai. Muulize mama Oswini kama wake alirudi."

Kweli, wa mama Oswini hakurudi. Ila hakuna aliyeuliza aliugua siku ngapi nyumbani kabla ya kupelekwa.

Bibi akaweka kigae cha makaa, akatia mavi ya tembo aliyoletewa kutoka pori la Liparamba. Gaudensi akafunikwa blanketi avute moshi. Mimi nikapewa kazi ya kulinda mlango, maana ukifunguliwa wakati wa kufukiza, yule ndege aletaye degedege hurudi. Nikaulinda kama askari, mpumbavu mimi! Nilimsikia akikohoa ndani ya blanketi. Kisha akaacha kukohoa.

"Mnaona?" bibi akasema. "Anapoa."

Siku ya tatu baba akarudi kutoka kambi ya wavuvi wa usipa. Hakuuliza mtu. Alimbeba mtoto, akapanda naye mlima kwa miguu. Wakamchoma sindano. Kabla jua halijazama, Gaudensi akafa.

Msibani bibi alisimama mbele ya watu wote. "Si niliwaambia?" Na watu, wenye akili zao, wakaitikia kwa vichwa! Tangu hapo degedege ikiingia nyumba yoyote pale kijijini, walikumbuka sindano ya Gaudensi, wakatafuta mavi ya tembo.

Bibi hakuwa mtu mbaya. Kichwa cha samaki alimwachia Gaudensi, si sisi. Lakini zile siku tatu za moshi hakuna aliyezitaja. Sindano ilifika ya mwisho, ikabebeshwa kesi ya wote waliotangulia.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, mtoto wa Erasto, alikakamaa vilevile. Erasto, mwanangu wa kumzaa, mwenye simu ya kupangusa kwa kidole, akaniambia:

"Mama, tusubiri kidogo. Mama mkwe yuko njiani na dawa ya kufukiza. Sindano tutaona kesho."

"Na mlango atalinda nani?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikamwita kijana wa bodaboda atupeleke hospitali. Nikatoka, nikaufunga mlango, na ndege wao nikamfungia humohumo ndani.