Kikombe cha Malkia Kilichosuguliwa

Niliposikia kwamba mama mwenye duka la vitambaa mjini Kisii anageuza ghorofa ya juu kuwa makumbusho ya mapambo na vyombo vya nyumbani, nilikosa usingizi kwa furaha. Ukoo wake, wenye asili ya Kihindi, umeuza hapo tangu wakati wa mkoloni, na kabati la kwanza alitaka liwe la vitu vya enzi ya kutawazwa kwa malkia wa Uingereza. Mimi nilikijua kimoja! Nyanya yangu wa Sironga alipewa shuleni, siku ile ya kutawazwa, kikombe cheupe cha bati chenye sura ya malkia na taji lake. Nikatuma picha kwa simu. Jibu likaja papo hapo: nafasi ya katikati ni yenu.

Asubuhi ya ufunguzi nilifika Sironga mbio. Nyanya alikuwa tayari katika gauni la kanisani, kikombe kimefungwa kwenye kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nikafungua. Kilikuwa kinang'aa, cheupe pe! Malkia hayupo. Taji halipo.

"Magokoro, nyanya yangu, umefanya nini?" Kuku walitawanyika kwa kelele zangu.

"Nimekisugua kwa jivu na waya wa sufuria, tangu jana," alinijibu kwa Kigusii, akijivuna. "Chombo cha kwenda kwa watu hakitoki kwangu na madoa."

Kwetu ndivyo ilivyo: kukiwa na wageni, hata masufuria husuguliwa mpaka ujione uso. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Nikamwambia basi tubaki nyumbani. Yeye alikuwa ameshafika langoni.

Dukani nilijificha nyuma yake kwa aibu. Mwenye duka alikigeuza kikombe, kisha akafungua kabati. Ndani kulikuwa na pacha wake, malkia mzima, rangi zote zipo. Chetu kitafaa nini tena?

"Hii ya kwetu ilibaki dukani, hakuna mtu alinunua," alisema. "Hakuna mtu amekunywa nayo. Hiyo yako, Mama, imefanya kazi gani?"

Nyanya akachangamka. "Hii? Watoto yangu yote walikunywa uji na hii. Mama ya huyu pia. Wakiugua, dawa ni hapa."

Mwenye duka alikitoa kabatini kile chenye malkia, akakiweka chetu katikati. Nilipiga kigelegele, wageni wote wakageuka. Nilitaka kumkumbatia kila aliyekuwa mle ndani.

Nyanya alikitazama kikombe chake nyuma ya kioo, uso umemshuka. "Sawa, ikae," alisema. "Lakini kesho mimi nitakunywa chai na nini?"

Mwenye duka alicheka, akamkabidhi kile cha malkia. Nyanya alikipokea kwa mikono miwili. Kesho yake kilitiwa chai kwa mara ya kwanza tangu kitengenezwe, na mimi alininyima hata funda moja.