Spika ya Dirishani kwa Shangazi Tabea

Shangazi Tabea ana spika ndogo nyeusi ambayo hataki mtu aiguse. Huiweka kwenye dirisha la jikoni, ikitazama njia inayopanda kutoka barabarani kupitia migombani. Kila asubuhi huichaji kabla ya kukamua ng'ombe.

Spika ni ya Ndesanjo, mwanawe wa pekee, dereva wa malori yanayokwenda Kongo. Alipokuja nyumbani mara ya mwisho, kabla ya Pasaka, jioni moja alishuka dukani na simu mfukoni. Aliporudi, akiwa bado katikati ya migomba, spika ikalia jikoni, na ile sauti ya mwanamke iliyomo ndani yake ikatangaza kwa Kiingereza kwamba imeunganishwa. Shangazi akageuka. Muda kidogo baadaye Ndesanjo akaingia na sukari.

"Hii imekuona kabla yangu!" shangazi alimwambia. "Ukiondoka, niachie."

Yeye mwenyewe anatumia kitochi, simu isiyoweza kuunganishwa na chochote. Anasubiri tu spika ilie. Kahawa ya shamba la juu imeiva hadi inadondoka, lakini anachuma ile ya karibu na nyumba, kwa kuwa kule juu hawezi kuisikia. Ndesanjo akipiga, husema yuko kwenye foleni mpakani, kisha mtandao unakatika.

Jumatano iliyopita jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwake. Baada ya sala, Mwalimu Mika wa kwaya alitaka tufanye mazoezi ya wimbo wa Sikukuu ya Mavuno. Muziki wake ulikuwa kwenye simu yangu, na simu ikasikika kama mbu.

"Si kuna spika pale dirishani?" akauliza.

"Ile hapana, mwalimu."

"Jamani, Mama Ndesanjo," akadakia Mama Princess, jirani yake, "hiyo spika ni bibi harusi? Mwaka mzima inatazamwa tu!"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. "Ikizoea simu nyingine itamsahau mwanangu," alisema.

Huwa nakaa karibu na mlango ili nisiombwe kuongoza sala. Lakini nilimwona alivyoshika ukingo wa dirisha, nikajikuta nasema, "Shangazi, haisahau. Inakumbuka zaidi ya simu moja."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Ninao."

Alinitazama, kisha akaileta mwenyewe kwa mikono miwili. Nikawasha bluetooth, simu yangu ikaiona, na yule mwanamke akatangaza. Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Shangazi aliimba sauti ya pili, macho njiani. Kabla ya ubeti wa mwisho akanigusa bega.

"Ikate sasa. Akija saa hii ataikuta na mtu."

Nikaikata. Taa ya bluu ikaanza tena kuwaka na kuzima, naye akairudisha dirishani.

Kesho yake mchana mama alinituma nimpelekee maharage mabichi. Nilikuwa napanda polepole kati ya migomba, simu mfukoni mwa sketi, nikifikiria mambo yangu. Nikasikia mlio. Kisha yule mwanamke. Kisha ndoo ikaanguka.

Sikuwa nimezima bluetooth ya simu yangu. Nilielewa nilichofanya, lakini shangazi alikuwa ameshatoka. Alikuja mbio, miguu mitupu, mikono imejaa maganda ya kahawa, na kwenye uso wake kulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Pasaka.

"Ndesa!"

Nilisimama na bakuli langu. "Shikamoo, shangazi."

Alitazama nyuma yangu, chini ya njia, kama vile nilikuwa nimemtangulia Ndesanjo tu. Alitazama kwa muda mrefu.

"Marahaba," alisema mwishowe. Akapokea bakuli. "Kumbe kweli haisahau."

Jikoni nilitoa simu, nikatafuta jina la spika, nikamwonyesha mahali pa kulifuta.

"Ukiifuta kwako, ya kwake inabaki?"

"Inabaki, shangazi."

"Basi futa."

Nilifuta. Alinawa mikono, akaipangusa spika kwa ncha ya kanga, akairudisha mahali pake. Kisha akafungua dirisha lote, ingawa upepo wa mlimani ulikuwa baridi, akaniuliza kama nitakunywa chai.