Diski za Wenseslaus

Wenseslaus wa Kibosho alirithi kwa baba yake vitu viwili: kihamba, yaani shamba la ukoo, cha kahawa na Peugeot 404 ya rangi ya maziwa. Kihamba alimwachia mkewe, Epifania, ambaye alikilima. Gari alibaki nalo mwenyewe, akaliosha kila Jumamosi kwenye mfereji kwa upole ambao wanawe hawakuwahi kuuona. Lilikuwa gari zuri, hilo hatumnyimi. Baba yake alipandisha na kushusha nalo kahawa mlimani miaka na miaka, breki za nyuma zikiwa zile za ngoma, na hatukuwahi kusikia zimemwangusha.

Ubaya ulianza Krismasi moja ya katikati ya miaka ya tisini, wakati magari ya mtumba kutoka Dubai yalipoanza kupanda huku kwetu. Binamu yake Basili alikuja kutoka Dar na Toyota nyeupe, akalizunguka gari la Wenseslaus mikono nyuma kama daktari wa mifugo.

"Kaka, hili bado lina ngoma nyuma? Langu ni diski miguu yote minne."

Basili hakujua diski ni nini. Aliyemuuzia gari alimwambia hivyo, naye akalibeba neno mpaka mlimani. Lakini Wenseslaus hakumaliza hata bakuli lake la mtori siku ile.

Januari akaenda Shirimatunda kwa fundi Eliufoo. Huyu alikuwa fundi asiyejua kusema haiwezekani. Ungemwomba afunge mabawa kwenye trekta, angekuuliza unayataka rangi gani. Epifania aliandamana naye gereji kwa sababu alikuwa anapitia sokoni, akasikiliza mpango wote: ngoma zitolewe, na mahali pake zifungwe diski za Toyota moja iliyopinduka karibu na Himo.

"Handibreki inavuta viatu vilivyo ndani ya ngoma," akasema. "Ngoma zikitoka, itavuta nini?"

"Mama Flavia, haya ni mambo ya ufundi," mumewe akajibu.

"Mama, diski ni za kisasa," Eliufoo akaongeza, akicheka.

"Sijauliza umri wake. Nimeuliza handibreki itashika wapi."

Eliufoo akachukua spana. Ile Toyota ilikuwa na viatu vidogo vya handibreki ndani ya diski zake, lakini havikukubali kukaa kwenye 404, kwa hiyo Eliufoo aliviacha vilipokuwa, na waya wa handibreki akaukunja ukaning'inia chini ya gari. Ngoma za marehemu mzee zikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wenseslaus hakugeuka hata kuziangalia.

Sasa ikabaki kazi ya kujionyesha, nayo haikuwa rahisi, maana rimu za gari lile zilikuwa zinafunika kila kitu. Tatizo hilo Wenseslaus alilitatua kwa kutuchuchumalisha. Kila Jumapili baada ya misa alitukusanya nyuma ya gari, watu wazima na suti zetu, tukachungulia kwenye vitundu vya rimu kama watu wanaotafuta kuku aliyetaga. "Unaiona?" anauliza. Tukasema tunaiona, ili tuinuke. Kwenye mteremko wa kwenda mjini gari lilinuka kuungua, kwa sababu diski zilikuwa zinabanwa hata mguu ukiwa umetoka kwenye pedeli. Yeye alisema ni harufu ya upya. Aliposhauriwa aweke jiwe nyuma ya tairi akiegesha, alichukia kweli. Jiwe ni la malori, akasema. Yeye aliacha gari kwenye gia, basi.

Ikafika arusi ya Scola, mpwa wa Epifania. Wenseslaus aliomba mwenyewe ambebe bibi arusi. Baada ya kanisa akapanda mpaka nyumbani kwa wakwe wa bibi arusi, akapita nafasi zote za tambarare, akasimama juu kabisa kwenye ngazi ya nyumba, pua ya gari ikielekea mlimani, ili mgeni yeyote anayepanda aanze na magurudumu ya nyuma. Maharusi wakashuka. Mpiga picha akamwita, naye akaruka nje kabla hajaingiza gia, akiwa ameshaanza kutabasamu.

Ndani alibaki Theopista, shangazi wa bibi arusi, mama mnene wa heshima zake, akitafuta kiatu chini ya kiti.

Gari likaanza kurudi nyuma polepole. Likaangusha pipa la pombe ya mbege, likaingia mgombani, likalaza migomba kadhaa. Wenseslaus alilikimbilia akipiga kelele, "Simama! Simama!" kama anayeamrisha ng'ombe. Kutoka ndani ya gari tulisikia tu, "Yesu na Maria!" Mwishowe mti wa mgrivea ukalizuia, ukafanya kazi ambayo handibreki ingeifanya.

Theopista akatoka bila kuumia, kilemba kikiwa sikioni, kiatu kimoja mkononi.

"Wenseslaus! Breki zako ziko wapi?"

"Dada, diski hazikushindwa," akajibu mbele ya arusi nzima. "Hakuna aliyezikanyaga."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika barabarani. Wazee wa mbege peke yao hawakucheka.

Wiki hiyo Epifania alikata jani la isale, akampa mumewe mkononi, akamtembeza kwa miguu mpaka kwa Theopista, kama desturi yetu ya kuomba msamaha inavyotaka. Wenseslaus akasimama mlangoni.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kuomba radhi kwa niaba ya gari."

"Gari halina mdomo," Theopista akasema, bila kuitikia salamu. "Sema la kwako."

Akalisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba alilazimishwa kurudia. Ndipo mama akalipokea jani na kumwitikia marahaba.

Eliufoo alipata ngoma za 404 nyingine iliyokufa, akazirudisha, akaunga waya wa handibreki, na hakuona haya hata kidogo. Naye Wenseslaus hivi karibuni nilimkuta kwenye pombe akimweleza mgeni mmoja kwamba nchi za mlima zinahitaji ngoma, na kwamba yeye amefikia uamuzi huo baada ya utafiti. Mgeni alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nikamaliza kata yangu ya mbege, nikaenda zangu.